Sisi Watu wa Kutazama Theluji

Mzee Dramadri wa mtaa wa Awindiri alikuwa na kichwa kigumu, na hilo Arua nzima ililijua. Alikuwa nyapara wa barabara kwa miaka mingi, na alizoea kwamba akisema mtaro upite hapa, unapita hapa, hata kama pana jiwe. Sasa alikuwa amestaafu, mitaro imekwisha, na kile kichwa kimebaki bila kazi. Basi akawa anakitumia nyumbani.

Mkewe Ayikoru alimpenda hivyo hivyo. Ungemuuliza kwa nini, angekujibu, "Nimemzoea," kisha angetazama pembeni acheke. Lakini mwishoni mwa mwaka ule wa 1974 alikuwa na jambo moyoni lililomkosesha raha, na aliyemfungia njia alikuwa mzee wake huyo huyo.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yao Driciru alikuwa muuguzi Kilembe, kwenye migodi ya shaba, chini ya milima ya Ruwenzori. Huko akapata mume, Étienne, fundi umeme, mtu wa milima ile ile, ambaye mama yake alitoka ng'ambo ya Kongo. Kijana mwenye adabu. Alifika Arua, akaketi na wazee, mahari ikakubaliwa bila kelele. Halafu ukaingia ugonjwa wa mifugo, serikali ikafunga njia, ikawa hakuna ng'ombe wa kuvuka Nile. Ng'ombe wakakaa karantini huko, na Driciru akakaa kwa mumewe huko huko. Ndipo siku moja, mbele ya kaka yake mkubwa Paulino na wazee wote wa ukoo, Dramadri akasimama akasema, "Mimi sitakanyaga ua wa Étienne mpaka ng'ombe wake waukanyage wangu. Wala mke wangu hatakanyaga."

Wala mke wangu! Nani alimuuliza habari za mke wake? Hata wazee walishangaa. Lakini neno likishatoka mbele ya ukoo limetoka, na Dramadri hakuwa mtu wa kulikimbilia aliokote.

Halafu Driciru akashika mimba. Muuguzi mwenzake aliyekuja likizo Arua akapita Awindiri kuwasalimu wazazi, akasema mtoto atazaliwa mwaka mpya ukianza. Alipokuwa anaaga, akamvuta Ayikoru kando ya jiko, akamnong'oneza, "Mama, Driciru amenituma kwako peke yako. Amesema, mwambie mama naogopa."

Ayikoru alishika mlango wa jiko. Huyu Driciru ndiye aliyezalisha wanawake mpaka hawezi kukumbuka majina yao. Ndiye aliyekuwa akiua nyoka kwa jembe akiwa msichana mdogo. Leo anaogopa! Na Ayikoru alijua hofu ile ni ya namna gani, maana yeye mwenyewe alipomzaa huyo huyo Driciru, mama yake alikaa nyuma yake amemkumbatia kiunoni, na bila ile mikono, anasema mpaka leo, angekufa kwa woga kabla ya uchungu wenyewe. Akaapa moyoni kwamba atafika Kilembe. Njia hakuijua bado, lakini atafika.

Njia akaipata ukutani. Walikuwa na kalenda ya duka moja la Arua, yenye picha ya Ulaya: mlima mweupe pe, na chini yake wazungu wameketi mezani nje, wamevaa makabuti, wanakunywa kitu cha moto huku theluji imejaa mpaka miguuni pa meza. Dramadri aliipenda sana picha ile. Mwezi ulishapita zamani lakini hakukubali ukurasa ufunuliwe.

"Baba Driciru," Ayikoru akaanza jioni moja, anachambua mchicha wake taratibu. "Umejenga barabara maisha yako yote. Watu wamepita juu yake wakaenda kutembea. Wewe mwenyewe umetembea wapi?"

"Nimefika Gulu."

"Ulikwenda kwa kazi. Nasema kutembea, mtu unakwenda kutazama kitu, unapumzika. Kama wale." Akaelekeza kidole kwenye kalenda.

"Wale wako Ulaya."

"Theluji hata Uganda iko. Hata mwalimu wa shule alisema redioni. Iko Ruwenzori."

Ruwenzori. Hakuna mtu katika nyumba ile asiyejua ni mji gani uko chini ya Ruwenzori. Dramadri akajikuna kidevu, akatazama kalenda, akatazama mchicha, akatazama kalenda tena.

"Mtu akienda kutazama theluji," akasema polepole, "hajaenda kwa mkwe."

"Hata kidogo."

"Huyo ni mtalii."

"Ndiyo, mtalii."

"Paulino hawezi kusema neno."

"Atasema nini? Theluji haina mahari."

Basi. Tangu jioni ile, kichwa cha Mzee Dramadri kikapata kazi, na jamani, kilifanya kazi! Alizunguka mjini akimuuliza kila mtu habari za theluji. Alimuuliza padri, alimuuliza fundi saa, alimuuliza dereva wa lori la chumvi. Kila mmoja alijua kidogo na kuongeza cha kwake. Mwishowe akaambiwa kwamba Koboko yuko mtu aliyeiishi theluji yenyewe: sajini Loro, aliyepelekwa Urusi kujifunza vifaru vya vita, na sasa yuko nyumbani likizo. Dramadri akamwambia mkewe avae viatu vya safari. Wakapanda basi la asubuhi kwenda Koboko.

Loro aliwapokea vizuri. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kambini, na alipoambiwa shida yao hakucheka. Aliingia ndani akatoka na picha yake mwenyewe, amesimama kwenye weupe mpaka magotini.

"Mzee, kule theluji iko kila pahali," akasema. "Iko juu ya nyumba, iko juu ya gari, naingia mpaka ndani ya buti."

"Na watu wanafanya nini nayo?"

"Watu ya kule iko na mchezo yao. Nafunga mbao mbili kwa miguu, napanda kilima, halafu najitupa."

"Wanajitupa!" Dramadri akageuka kumtazama mkewe.

"Najitupa kabisa, mzee. Nakuja chini mbio kama mutu nakimbia nyuki. Mimi walifunga mbao siku moja. Hapana taka tena. Hii mkono bado nauma."

"Na wazee je? Watu wenye magoti kama yangu?"

Loro akafikiri vizuri, maana aliona swali ni la kweli. "Ile mutu hapana taka mbao, nakaa dirishani. Nakunywa chai. Naangalia tu."

Dramadri akapiga paja lake. Uso uling'aa. "Umesikia, Mama Driciru? Iko watu wa kujitupa na iko watu wa kutazama. Sisi ni watu wa kutazama."

"Sisi ni watu wa kutazama," Ayikoru akaitikia.

Loro akawaazima makabuti mawili ya jeshi, mazito, na kofia ya manyoya yenye masikio. Ayikoru alijaribu lake pale pale uani, likamfika kwenye vifundo vya miguu, na wake za Loro wakaangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika. Akacheka naye. Ndani ya kabuti alikuwa analowa jasho, lakini alicheka, kwa sababu kila kilo ya kabuti lile ilikuwa inamsogeza karibu na mtoto wake.

Nyumbani mipango ikapamba moto. Basi mpaka Kampala, kisha treni mpaka Kasese. Mablanketi ya kutosha. Mafuta ya kupaka, kwa sababu baridi hupasua midomo. Na chakula, ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, kwa maana mtu wa ukoo wao hali chakula cha nyumba ya mkwe ambaye mahari yake haijafika. Hata maji hanywi. Kwa hiyo Dramadri alipanga kubeba kila kitu: unga wa muhogo, maharage, samaki wakavu wa Pakwach, sufuria, mwiko, mpaka chumvi yenyewe, na mwaka ule chumvi ilikuwa inatafutwa kwa tochi.

"Tutakaa lojingi," akaeleza. "Hatutakaa kwa mtu. Asubuhi tunatazama theluji."

"Na tukichoka?"

"Tunapumzika. Jioni tunatazama tena." Akakohoa, akashughulika na kamba ya mzigo. "Na kama itatokea jirani wa pale, tuseme muuguzi, anapita njia, anataka kutusalimu, sisi si watu wa kumfukuza mtu."

Ayikoru akainama haraka kuokota kitu ambacho hakikuwepo, mzee asione macho yake. Huyu mtu! Alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

Furaha hiyo aliibeba mpaka sokoni, kwenye kibanda cha Monique. Monique aliuza vitenge, alitoka Mutwanga upande wa Kongo, na alikuwa amekaa Arua miaka mingi lakini ulimi wake ulibaki ule ule. Ayikoru alitaka shali ya sufi. Akaeleza safari, akaeleza theluji, akaeleza makabuti. Monique akaweka chini kitenge alichokuwa anakikunja.

"Mama Driciru, unisamehe. Ule mlima mi naujua. Mi nilizaliwa nyuma yake. Kasese iko joto, mama, joto kupita hapa! Kilembe iko baridi kidogo ya asubuhi tu, na migomba, na kahawa. Ile kitu nyeupe iko juu, juu, juu sana. Mutu anapanda siku mingi na wabebaji ndio anaigusa. Ukikaa chini, unaona mawingu. Siku mawingu inatoka, unaona nyeupe kidogo hivi." Akaonyesha ukucha wa kidole chake kidogo.

"Haishuki? Mpaka kwenye nyumba?"

"Kwenye nyumba! Mungu wangu." Monique akataka kucheka, kisha akamwona Ayikoru usoni, akaacha.

Ayikoru alikaa juu ya kigoda. Aliona safari yote inabomoka. Kama theluji haipo, utalii haupo. Utalii usipokuwepo, kilichobaki ni kwenda kwa mkwe, na kwa mkwe mzee ameapa.

"Monique, dada yangu," akasema. "Mzee wangu akipita hapa, wewe hujawahi kuuona mlima."

"Mlima gani?" akasema Monique, akarudi kukunja kitenge chake.

Ayikoru angenyamaza mpaka mwisho. Alishajipanga: wakifika wakakuta joto, atasema theluji imechelewa mwaka huu, atasema chochote, bora awe amefika. Lakini Jumapili akaja Paulino.

Paulino alikuwa mkubwa wa ukoo, mtu wa maneno machache na jicho refu. Aliketi, akanywa chai yake yote, akatazama mizigo iliyorundikwa ukutani, halafu akauliza safari ni ya wapi. Dramadri akamwelezea theluji kwa nusu saa nzima. Akavaa ile kofia yenye masikio. Akaeleza habari za watu wa kujitupa na watu wa kutazama.

"Theluji," akasema Paulino. "Huko huko kwa Driciru."

"Mlima hauchagui wa kukaa naye."

"Mimi nimekaa dunia hii sijaona theluji. Utatuonyeshaje kwamba umeiona?"

Hapo ndipo kichwa kigumu kilipojifunga. Dramadri akaruka ndani, akatoka na chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto, akaifungua kifuniko mbele ya kaka yake. "Chupa hii ikiweka moto, inaweka na baridi. Nitaijaza theluji. Tukirudi ukoo mzima uje hapa, watoto na wazee, kila mtu ashike kwa mkono wake."

"Vizuri," akasema Paulino, anasimama. "Tutakuja wote. Na usipoleta, ndugu yangu, tutajua ulikwenda wapi."

Ayikoru alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Alimwona mzee wake ameshika ile chupa kifuani, amejaa fahari. Aliona siku ya kurudi: ua umejaa watu, watoto wamepanga mistari, na mzee anafungua chupa tupu. Wangemcheka mpaka kaburini. Na yeye, mkewe, alijua.

Ukiniuliza mimi, angeweza kunyamaza. Wapo wanawake wangenyamaza, tena wakaenda zao Kilembe wakamshika mtoto wao, na aibu ya mzee wakaibeba baadaye. Alikuwa na haki hiyo kabisa. Siku mbili alijaribu kuwa mwanamke wa aina hiyo.

Asubuhi ya tatu Dramadri alikuja na mabonge ya barafu kwenye gunia, aliyoyaomba kwenye baa moja mjini. Akayamwaga kwenye karai kubwa uani. Akaweka viti viwili.

"Mazoezi," akasema. "Nimefikiri. Hatuwezi kuipelekea baridi miguu isiyoijua. Vua viatu."

"Baba Driciru!"

"Vua viatu, Mama Driciru."

Wakaketi bega kwa bega, makabuti mabegani, miguu ndani ya karai. Loo! Ayikoru alipiga yowe, majirani wakatoa vichwa. Dramadri hakupiga yowe. Alikaza taya, meno yakigongana, jasho linamtiririka usoni kwa lile kabuti na vidole vya miguu vinageuka rangi. Chini ya maji ya barafu, mguu wake ukatafuta mguu wa mkewe, ukaulalia juu kuukinga.

"Wewe utakaa karibu na jiko," akasema, sauti inatetemeka. "Mimi ndiye nitatoka kujaza chupa. Usijali chochote. Nitakufikisha."

Basi hapo moyo wa Ayikoru ukashindwa. Alimpenda sana dakika ile, mpaka akaona haya.

"Toa miguu," akasema. "Hakuna theluji."

"Bado haijaanguka. Inaanguka mwezi wa—"

"Hakuna, Baba Driciru. Nimemuuliza mtu wa kule. Iko juu ya mawingu, haifikiwi na watu kama sisi. Tunapokwenda pana joto kuliko Arua. Nimejua tangu wiki ile, nikakuficha, kwa sababu nilitaka unipeleke." Akaanza kulia, na aliposhaanza hakujizuia tena. "Driciru alituma neno. Alituma kwangu peke yangu. Alisema, mwambie mama naogopa. Sasa umejua yote. Usiende kumwahidi mtu theluji. Sitaki wakucheke. Bora tusiende kuliko wakucheke."

Dramadri alitoa mguu mmoja kwenye maji, akatoa wa pili. Akaifuta kwa pindo la kabuti, akavaa viatu bila soksi, akalivua kabuti akaliweka juu ya kiti, akatoka. Ayikoru alimwona akikata kona kuelekea Onduparaka, ambako vijana walikuwa wanacheza mpira. Huko, walivyosimulia baadaye, alikaa pembeni ya uwanja mchana kutwa, bao likifungwa hakusimama, na mtu aliyemuuliza nani anaongoza hakujibiwa.

Alirudi jua likizama. Alikula. Kisha akasema, "Keshokutwa asubuhi, waite kina Paulino waje kunywa chai. Na wake zao."

"Wa nini?"

"Waite tu."

Ayikoru akafikiri: anataka kuwaambia safari imevunjika. Hakumlaumu. Aliwaita. Alipika chai huku machozi yakimdondokea kwenye sufuria, na mizigo hakuifungua, ikabaki ukutani kama ilivyokuwa, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuifungua.

Wakaja wote. Paulino akakaa katikati, ndugu wengine pembeni, wanawake kwenye mkeka, na mbele yao Candia, mke wa Paulino, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Dramadri alisimama. Hakuvaa kabuti wala kofia. Alikuwa na shati lake jeupe la kanisani.

"Niliwaambia nitawaletea theluji," akasema. "Sitaleta. Theluji iko juu sana, inataka watu wa kupanda, na magoti yangu mnayajua."

Ndugu mmoja akacheka. Paulino akamtazama, yule akaacha.

"Lakini siyo hiyo," Dramadri akaendelea. "Hata ingekuwa imerundikana mlangoni kwa Étienne, mimi sikuwa nakwenda kwa ajili yake. Nilikuwa natafuta njia ya kupita pembeni ya neno langu, kama mtu anayechepusha barabara kukwepa kijito. Mtoto wangu anaogopa. Alituma mtu kusema anaogopa, na mimi nilikuwa hapa najaribu kofia." Akamgeukia Paulino. "Nilisema mbele yenu sitakanyaga ule ua. Sasa nasema mbele yenu, leo nakwenda kuukanyaga, na mke wangu anaukanyaga pamoja nami. Neno lile nimelila mwenyewe. Kama kuna faini, nipigeni."

Ayikoru alikuwa amesimama na birika mkononi, chai inamwagika taratibu chini na hakuna aliyemwambia. Alikuwa hamwoni mtu mwingine yeyote pale ila mzee wake.

Paulino alikuna goti. Akatazama chini, kisha juu.

"Faini ipo," akasema. "Mbuzi."

"Nitatoa."

"Wa kunona."

"Nitatoa wa kunona."

"Ukirudi tutamla." Akawageukia wanawake. "Na nyinyi mnangoja nini? Basi litaondoka."

Wanawake wakainuka kwa mkupuo mmoja wakatoka mbio. Ayikoru alidhani wameudhika. Lakini kabla hajaweka birika chini walisharudi, na kila mmoja amebeba kitu. Huyu na chungu cha simsim iliyosagwa na karanga, kimefungwa kwa jani la mgomba na kamba. Huyu na vipande vya kanga kuukuu, vimefuliwa, vimekunjwa vidogo vidogo vya mtoto. Huyu na kuku mweupe amefungwa miguu. Candia akaja wa mwisho, anahema, ameshika kwa mikono miwili nusu ya kibuyu kikubwa, kile ambacho akina mama wa kwetu humfunikia mtoto mgongoni, jua lisimpige. Kilikuwa kimekauka vizuri, kimekwaruzwa ndani kikawa laini, na nje kimechorwa kwa chuma cha moto, ndege na nyota.

Ayikoru alikipokea. Alikipapasa. Kibuyu hakikauki kwa asubuhi moja, hata mtoto anajua. Kinakatwa, kinalowekwa, kinakwanguliwa, kinaanikwa darini wiki na wiki.

"Candia," akasema, "hiki umekianza lini?"

"Tangu tuliposikia ana mimba. Nilikificha chini ya kitanda."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Candia akapiga mikono kiunoni, macho yamejaa maji. "Mlisema nyinyi ni watalii! Mtalii nampaje kibuyu cha mtoto?"

Hapo watu wote wakacheka na kulia, hata Paulino, aliyejidai ni moshi. Dramadri mwenyewe ndiye aliyefungua mizigo. Alitoa kabuti la kwanza, akatoa la pili, akatoa mablanketi, akatupa kofia juu ya paa la banda la kuku. Mahali pake wanawake wakapanga simsim na karanga na vile vitambaa, na kibuyu Ayikoru akakataa kukiweka mzigoni, akasema atakishika mapajani mpaka Kilembe. Na akakishika kweli: basini, kwenye vizuizi vya askari ambako kila mzigo ulifunguliwa na mmoja wa askari akauliza kama kina mtoto tayari, na kwenye treni usiku na mchana.

Walifika Kilembe adhuhuri, jua kali, mlima wote umefunikwa mawingu mpaka kiunoni. Hakuna hata mmoja wao aliyeinua macho kuutazama. Étienne alikuwa amekwenda kazini. Nyumba waliionyeshwa na mpita njia, nyumba ndogo ya bati kwenye mteremko, yenye kahawa mbele. Mzee Dramadri alifika kwenye ukingo wa ua akasimama. Alitazama ule mstari uliofagiliwa, udongo mgumu huku na udongo laini kule. Akavuta pumzi. Akavuka.

Driciru alikuwa ameketi nje anachambua maharage, tumbo limemkaa mapajani. Aliona kivuli kwanza. Alipoinua uso akamwona baba yake, ungo ukamwanguka na maharage yakatawanyika uani kote.

"Baba," akasema. Hakuamini. "Baba, umekuja kufanya nini huku?"

Mzee wa watu alifungua mdomo. Wiki zote zile alikuwa amejiandalia jibu la swali hilo, jibu refu lenye milima na madirisha na chai, na Ayikoru nyuma yake alilijua kwa moyo.

"Nimekuja kwako," akasema Dramadri.

Driciru akajaribu kuinuka, akashindwa kwa uzito, akawanyooshea mikono palepale alipoketi. Baba yake alipiga magoti yake mabovu kwenye yale maharage, mbele ya binti yake mwenyewe, akamshika mabega, akawa anarudia, "Basi, mwanangu. Basi." Ayikoru aliwaacha kidogo. Kisha akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akaingia ndani kutafuta sufuria ya kuchemshia maji.